Sinia la Bonane

Katika mji wa Goma, kama ilivyo katika miji mingi ya mashariki ya Kongo, mwaka mpya huitwa Bonane. Neno hili lilitokana na salamu ya Kifaransa ya kutakiana mwaka mwema, nasi tukalifinyanga kwa ndimi zetu hata likawa jina la sikukuu yenyewe. Watu hununua nguo za Bonane, huchinja mbuzi wa Bonane, na hualikana kula Bonane. Sisi walimu wa Kiswahili tuliokuwa tukifundisha mjini humo tulikuwa na desturi ya kukutana jioni ya mwisho wa mwaka katika nyumba ya mmoja wetu. Katika makala haya tunakusudia kueleza kitu kimoja tu cha karamu hiyo, nacho ni sinia la nyama na jibini lililowekwa katikati ya meza kabla ya chakula chenyewe kuletwa. Huenda msomaji akaona kwamba jambo hili ni dogo mno kwa jarida la lugha na utamaduni. Tunamwomba avumilie kidogo, kwa kuwa sinia hilo lilitufundisha habari za watu kukaa pamoja kuliko hotuba nyingi tulizopata kuzisikia.

Kwanza tuanze na majina, maana hiyo ndiyo kazi yetu. Chakula kidogo kinachotangulia chakula kikubwa hakina jina moja linalokubaliwa na Waswahili wote. Kusema "kifungua kinywa" hakufai, kwani hicho ni chakula cha asubuhi. "Vitafunio" ni neno zuri, lakini aghalabu humkumbusha mtu chai. Sisi tulizoea kusema "kitangulizi", na hatukuona mgeni aliyeshindwa kutuelewa. Jibini nayo ni neno lililotoka katika Kiarabu, na wanafunzi wetu hulisoma vitabuni. Lakini sokoni Goma mtu anayetaka kuuziwa upesi husema "fromaji". Sinia pia lina asili ya Kiarabu, na huko Uarabuni jina lake lilitokana na jina la nchi ya China, kana kwamba kila aliyebeba sinia amebeba chombo kilichovuka bahari. Na meza tulipewa na Wareno. Basi kabla hata kipande kimoja cha nyama hakijawekwa, karamu yetu ilikuwa imekwisha kualika mataifa manne.

Jibini tuliyoitumia ni ile ya Masisi. Wilaya ya Masisi imo katika nyanda za juu, kaskazini-magharibi ya Goma, mahali penye baridi, ukungu na majani mabichi karibu mwaka mzima. Wafugaji wa kale wa nchi hizo walijua kugandisha maziwa yakawa mashanza, na walijua kuyasukasuka wapate siagi. Lakini jibini ngumu ya kuhifadhiwa ililetwa na wageni kutoka Ulaya katika karne ya 20. Maziwa hutiwa kigandisho kitokacho tumboni mwa ndama, bonge linalopatikana hukatwakatwa, hukamuliwa maji yake, hushindiliwa katika kalibu ya mviringo, huogeshwa maji ya chumvi, kisha huwekwa rafuni majuma kadhaa likomae. Hupatikana gurudumu la rangi ya manjano hafifu, lenye ladha ya upole, linalofanana na jibini ya Kiholanzi iitwayo Gouda.

Gurudumu hilo halikuwa likifika mezani kwa urahisi. Masisi ilipatwa na mapigano makali mwaka wa 1993, na tangu hapo vita vimerudi mara nyingi. Ng'ombe wengi waliporwa na wafugaji wengi wakahama. Mwisho wa mwaka wa 2023, ambao ndio tunaousimulia hapa, barabara za huko zilikuwa zikifungwa na kufunguliwa kwa kadiri ya mapigano. Jibini tuliyoipata ilikuwa imeshushwa mlimani kwa pikipiki, kisha ikaingia mjini juu ya chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili ambalo vijana wa Goma hulisukuma wakipanda na kuliteremkia wakishuka. Mama aliyetuuzia alilifunua gurudumu lake katika kitambaa kana kwamba anafunua mtoto mchanga. Tulinunua kilo moja, nasi tukajua thamani yake.

Ugumu ulianza tulipokaa kupanga nani atakula nini. Tulikuwa watu ishirini. Miongoni mwetu walikuwamo Waislamu, walikuwamo Waadventisti, walikuwamo Wakatoliki na Waprotestanti. Mwalimu mwenzetu mmoja, kijana mwenye bidii na aliyependa mambo ya kupendeza macho, alikuwa ameona mapambo ya meza za kigeni: vipande vyembamba vya nyama ya nguruwe vilivyokunjwa mfano wa maua ya waridi, vimezungushiwa jibini na matunda. Alitaka tufanye vivyo hivyo. Alipokumbushwa kuwa wenzetu saba hawali nguruwe, alijibu bila ubaya wowote kwamba wao watatengenezewa sinia lao dogo, liwekwe pembeni. Mama mwenye nyumba, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu kazini, alimwambia, "Mwanangu, sinia la pembeni ni kiti cha pembeni." Hakuna aliyeongeza neno. Ikakatwa shauri kwamba nguruwe asiwepo, na kwamba ng'ombe na mbuzi wanunuliwe kwa mchinjaji Mwislamu, ambaye nyama yake huliwa na wote.

Tukadhani tumemaliza; lakini likaja jambo la pili ambalo wengi wetu hatukulitazamia. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu aliyezaliwa katika jamaa ya wafugaji, alituambia kwamba yeye hachanganyi maziwa na nyama. Msomaji asidhani kuwa hayo ni maneno ya mtu mmoja. Wamaasai wa jadi hawakuvichanganya vitu hivyo viwili tumboni, na miongoni mwa wafugaji wa Ankole huko Uganda palikuwa na miiko ya namna hiyo, ya kungoja kwanza baada ya nyama kabla ya kunywa maziwa. Hata Wayahudi wanayo sheria ya kutenga nyama na maziwa, wakaweka na vyombo mbalimbali. Kwa mfugaji, maziwa ni uhai wa ng'ombe aliye hai, na nyama ni kifo chake. Kuviweka pamoja kinywani ni kama kumtakia mabaya yule anayekulisha. Kijana wetu aliuliza kwa heshima, "Lakini Mzee, jibini si maziwa tena, au sivyo?" Mzee akacheka, akasema, "Maziwa yakiganda, mwanangu, hayaachi kuwa maziwa."

Hapo ndipo tulipofahamu kwamba kupanga sinia ni kazi ya akili kuliko ya mikono. Vitu viwili vilivyotakiwa kukaa pamoja katikati ya meza vilikuwa ndivyo hasa ambavyo mgeni wetu mmoja hakuvichanganya. Kuondoa jibini kungekuwa kumnyima yeye chakula chake. Kuondoa nyama kungekuwa kuwanyima wengine furaha ya sikukuu. Ilibidi sinia lenyewe liwe na mipaka, na mipaka hiyo iwe sehemu ya uzuri wake.

Tulifanya hivi. Tulichukua sinia kubwa la mviringo. Katikati tukafudikiza bakuli la mti lililo safi, likawa kama kilima kidogo, na juu yake tukaiweka jibini, ili mchuzi au mafuta ya nyama yasiweze kuifikia. Nusu yake tuliiacha nzima isimame wima, na nusu ya pili tukaikata pembe pembe, tukazipanga kuizunguka kama miale ya jua. Kisu chembamba kilichochovywa katika maji ya moto na kufutwa hukata jibini bila kuivunja. Kuizunguka jibini tukafanya pete nene ya mboga: karoti, matango, nyanya ndogo, na majani ya kotimiri. Nje ya pete hiyo ndipo tulipoipanga nyama, ikafuata ukingo wa sinia kama ngata inavyofuata kichwa cha mchukuzi. Mboga zilikuwa mpaka, na kila mtu angeweza kuzila, akianzia upande wowote.

Nyama zilikuwa za namna tatu. Ulimi wa ng'ombe ulichemshwa muda wa saa tatu pamoja na tangawizi, karafuu na chumvi, ukamenywa ngozi yake ungali na joto, maana ukipoa ngozi hung'ang'ania; kisha ukalazwa mahali pa baridi usiku kucha, na asubuhi ukakatwa vipande vyembamba kama karatasi. Nyama iliyopoa hukatika vizuri kuliko yenye moto, nayo yafaa ikatwe kwa kuvuka nyuzi zake, isiwe ya kutafunika kwa shida. Ya pili ilikuwa nyama ya mbuzi ya kuchoma, iliyokatwa vipande vya mraba na kuchomekwa vijiti. Ya tatu ilikuwa sosisi za ng'ombe, zilizokaangwa na kukatwa mshazari. Kijana wetu hakunyimwa maua yake: vipande vya ulimi alivikunja kimoja juu ya kingine, akatoa mawaridi kumi na mawili, nasi tukakiri kwamba waridi la ng'ombe halishindwi na lile la nguruwe.

Kwa yule atakayependa kujaribu, kipimo chetu kilikuwa gramu 50 za jibini na gramu 60 za nyama iliyokwisha kupikwa kwa kila mtu, kwa kuwa chakula kikubwa kilikuwa kinakuja nyuma. Kwa watu ishirini ni kilo moja ya jibini na kilo moja na gramu 200 za nyama. Na kwa vile nyama hupungua motoni, mnunuzi hana budi kuongeza. Jibini itolewe mahali pa baridi saa moja kabla ya kuliwa, ladha yake ipate kuamka. Pasipo na umeme wa kutegemewa, yatosha kuiviringisha katika kitambaa safi kilicholowanishwa maji ya chumvi na kuiweka mahali penye kivuli na upepo. Sinia zima lisikae mezani zaidi ya saa mbili. Na pawe na uma wa jibini na uma wa nyama, mbalimbali. Bila hivyo mpaka wa mboga utakuwa mchoro tu.

Waswahili husema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Pambo la meza laweza kuwa mkakasi wa namna hiyo: likatazamwa, likasifiwa, na baadhi ya waliolizunguka wakabaki na mikono mapajani. Jioni ile mikono yote ishirini ilinyoshwa. Mzee alikula jibini na karoti, akaiacha nyama bila kuomba radhi na bila kuulizwa. Mwalimu mmoja Mwislamu, baada ya kutaka kujua habari za kile kigandisho cha ndama na kutafakari kidogo, alichagua nyama na kuiacha jibini. Wenzake wa dini hiyohiyo walikula vyote viwili. Hatukusikia mtu akisema "hiki si changu". Nje ya dirisha mji ulikuwa na wasiwasi wake, na habari za milimani hazikuwa njema. Lakini pale mezani watu wa makabila na dini ambazo wengine walitaka kuzigombanisha walikuwa wakipokezana uma.

Mwezi wa Januari 2025 vita viliingia Goma kwenyewe, na wale ishirini wakatawanyika: wengine walivuka mpaka, wengine walishuka Bukavu, wengine walibaki. Hatujapata kukaa tena meza moja. Tunayaandika haya ili desturi isitawanyike pamoja na watu, kwa sababu sinia laweza kupangwa popote, hata kwa jibini ya mahali pengine na kwa mbuzi wa jirani. Linalohitajika ni kuwauliza wageni kabla ya kuwasha moto, na kuwa tayari kulibadili pambo ili mtu asibadilishwe kiti.

Tungefurahi iwapo walimu wenzetu wa Bujumbura, Kigali, Kampala, Lubumbashi na kwingineko watatuandikia na kutueleza kitangulizi cha kwao huitwaje, hupangwaje, na hasa ni kitu gani huondolewa mezani kwa heshima ya mgeni. Majibu yao yatatufaa madarasani, na yatatufaa zaidi ifikapo Bonane.