Kungoja Nako ni Kazi ya Shamba

Subira huvuta heri, na kila mtoto wa shule ameiandika mithali hiyo katika daftari lake. Walakini wengi wakiisikia hudhani kuwa subira ni kukaa kitako na kukunja mikono mpaka heri ije yenyewe. Mkulima hawezi kuielewa hivyo. Kwake yeye kungoja ni kazi kama kulima na kupalilia, nayo ina saa zake, vyombo vyake na uchovu wake. Jambo hilo huonekana waziwazi katika makonde madogo ya mboga ya Uingereza mwezi wa Mei, wakati majira ya kuchipua yanapokaribia kwisha, na hali ya hewa haijakata shauri kama itakuwa ya joto au ya baridi.

Yafaa kwanza kueleza makonde hayo ni kitu gani. Katika miji ya Uingereza nyumba nyingi hazina nafasi ya kulima. Kwa hiyo halmashauri hutenga ardhi, huigawa vipande vipande, na kuvikodisha kwa wenyeji kwa kodi ya mwaka. Sheria ya mwaka 1908 iliziwajibisha halmashauri kutoa ardhi hiyo pale inapohitajiwa, na hata watu sita tu waweza kupeleka ombi ambalo ni lazima lifikiriwe. Sheria ya mwaka 1922 ikaongeza kuwa konde la namna hiyo lisizidi robo ya eka, na kwamba kazi yake kubwa iwe kumpa mwenyewe na jamaa yake mboga na matunda ya kula. Konde la kawaida ni kiasi cha mita za mraba 250. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ilipowahimiza watu walime chakula chao wenyewe, makonde hayo yalifika karibu 1,400,000. Tangu hapo yamepungua sana, na katika miji mingi watu hungoja miaka kabla ya kupata. Mwenye kuliacha konde lake liote magugu huandikiwa barua, na akizidi kulipuuza hunyang'anywa, likapewa mwingine aliye katika orodha.

Katika mji wa Leicester yuko mama mmoja, mzaliwa wa Wundanyi katika milima ya Taita, ambaye kazi yake ni uuguzi. Jina lake lilikaa katika orodha miaka mitatu kabla hajaitwa kuonyeshwa konde lake. Shauku yake haikuwa kabichi wala karoti, maana hizo zapatikana dukani. Alitaka kulima mahindi, maharagwe, na maboga ya kuchuma majani, ili watoto wake wawili waliozaliwa huko wajue kwamba chakula kile ambacho wengine huita pure na wengine githeri hakitoki katika mkebe. Alijua pia kuwa nafasi ni moja tu kwa mwaka. Mahindi yaliyochelewa kupandwa hukutwa na baridi ya Oktoba kabla hayajakomaa, na nchi ile haina vuli ya kusahihisha makosa ya masika.

Mwezi wa Mei huko ni mwezi wa hadaa. Leicester iko kaskazini mbali ya ikweta, kati ya digrii 52 na 53, na mwisho wa mwezi huo jua huonekana kiasi cha saa 16 kila siku. Mchana watu hutembea bila koti. Walakini usiku mbingu ikiwa nyeupe bila wingu, na upepo ukitulia, joto lote la ardhi hupaa juu kama moshi, kwa maana wingu ndilo blanketi la nchi. Hewa baridi ni nzito, nayo huteremka na kutuama mabondeni. Ndipo sakitu ianguke, yaani umande ulioganda, na maji yaliyo ndani ya jani hugeuka barafu na kulipasua. Wakulima wa Kinangop, ambao wameona viazi vyao vikiungua kwa baridi usiku mmoja, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Si kila mmea unaogopa baridi hiyo. Kitunguu, njegere, kabichi na sukuma wiki huvumilia. Mahindi, maharagwe, maboga na nyanya hayawezi. Kwa sababu hiyo mama yule alipanda mbegu zake katika vikopo mwishoni mwa Aprili, akavipanga dirishani ndani ya nyumba: mahindi 24, maharagwe 18, maboga sita. Yalipokwisha kuota, kazi ya kungoja ikaanza. Mche uliolelewa ndani ni kama mtoto aliyelelewa kwa kufunikwa. Ukitolewa nje ghafula hufa kwa upepo na jua hata kama hakuna sakitu. Hauna budi kuzoezwa. Basi kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alivitoa vikopo vyote 48 nje, akaviweka penye kivuli, na kila jioni akavirudisha ndani. Alifanya hivyo kwa muda wa siku kumi na mbili, na siku ambazo zamu yake ilikuwa ya usiku, watoto ndio waliovibeba.

Siku moja mama yake mzazi alimpigia simu kutoka Wundanyi.

"Mwanangu, wasema mvua imenyesha wiki nzima. Basi wangoja nini? Huku mahindi yamefika magotini."

"Mama, mvua ninayo. Ninachongoja ni joto la udongo."

"Udongo nao hupimwa homa?"

"Hupimwa, mama. Ninacho kipimajoto chake."

Bibi yule akacheka sana, akasema kuwa binti yake sasa amekuwa muuguzi wa udongo. Lakini neno lile lilikuwa kweli tupu. Katika Taita mkulima hutazama mawingu, kwa maana joto halimtoki na kinachokosekana ni maji. Katika Uingereza mambo yamepinduka: maji hayakosekani sana wakati huo, na kinachokosekana ni joto. Mahindi hayapendi kuota katika udongo ulio chini ya digrii 10, na maharagwe hutaka zaidi kidogo. Yakitiwa katika udongo baridi wenye maji, mbegu huoza. Kwa hiyo alikichoma kipimajoto chake ardhini saa tatu ya asubuhi, mahali pale pale kila mara, akaandika hesabu katika daftari.

Jirani yake kondeni alikuwa mzee wa Kiingereza aliyestaafu kazi ya reli. Mzee huyo hakusoma kilimo popote, lakini alikuwa amelima mahali pale zaidi ya miaka 30. Alimweleza kuwa wazee wa kwao walikuwa na msemo wa kumwonya mtu asivue nguo zake nzito kabla Mei haijapita. Akamwambia pia kuwa Wajerumani huziita siku za tarehe 11 mpaka 15 Mei siku za Watakatifu wa Barafu, kwa majina ya Mamerto, Pankrasi, Servasi, Bonifasi na Sofia, ambao sikukuu zao huangukia hapo. Na wakulima wa huko hawatoi miche yao mpaka watakatifu hao wapite. Kisha akamwonyesha kona ya chini ya shamba, karibu na ua.

"Pale usipande maboga kabla ya Juni," akasema. "Baridi hulala pale kama maji."

Juma la kwanza la Mei likawa la joto. Jumamosi watu walijaa kondeni, na kijana mmoja mwenye konde la juu akapanda maharagwe na maboga yake yote siku hiyo hiyo, kwa mistari iliyonyooka hata watu wakamsifu. Mama yule alitazama, akarudi nyumbani kwenye vikopo vyake. Haikuwa rahisi, kwa maana kungoja nako kuna gharama. Miche ilikuwa imerefuka kwa kutafuta mwanga, majani ya chini yalianza kuwa manjano, na mizizi ilikuwa imezunguka vikopo. Maboga mawili yalikufa. Usiku mbili, akitoka kazini amechoka, aliyahamisha yaliyobaki katika vikopo vikubwa zaidi.

Jumatano iliyofuata upepo ukageuka ukatoka kaskazini, na jioni ukatulia kabisa. Redio ilitangaza baridi. Alitoka hospitali saa mbili ya usiku, na kwa kuwa huko bado kuna mwanga saa hiyo, akaenda kondeni moja kwa moja akiwa na viatu vya kazi. Viazi vyake vilikuwa vimechomoza. Akachukua jembe akavifunika vikonyo kwa udongo mstari kwa mstari. Vile vilivyokuwa virefu akavitandazia kitambaa chepesi cheupe ambacho wakulima wa huko hutumia kwa kazi hiyo, na kilipokwisha akatumia magazeti ya zamani na ndoo alizozipindua. Mzee naye alikuwako, akifunika vyake. Hawakuzungumza sana. Nyota zilikuwa zimetokea zote.

Alfajiri nyasi zilikuwa nyeupe. Viazi vyake vilikuwa salama, isipokuwa mstari wa mwisho ambao kitambaa hakikuufikia. Majani yake yalikuwa meusi, ingawa kiazi kilicho chini huchipua tena. Maharagwe hayana akiba kama hiyo. Yale ya kijana wa konde la juu yalikuwa yamelala chini, meusi na laini, kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Kijana alisimama akiyatazama, asiseme neno. Mama yule hakumwambia kwamba aliharakisha, maana alikuwa akijionea mwenyewe. Alimletea maharagwe sita katika vikopo, naye mzee akamletea maboga mawili.

Tarehe 26 kipimajoto kilisoma digrii 13 kwa siku ya tano mfululizo, naye akapanda. Mahindi aliyapanda katika mraba, si katika mstari mmoja mrefu, ili upepo uweze kuchukua chavuo la mmea huu na kulifikisha kwa ule. Wala isidhaniwe kuwa baada ya hapo mambo yote yalinyooka. Siku tatu baadaye ilianguka mvua ya mawe ikatoboa majani ya maboga kama chujio. Kisha upepo mkavu wa mashariki ukavuma juma zima, akawa akiteka maji katika pipa asubuhi na jioni. Mvua iliporudi wakatoka konokono wasio na nyumba, ambao huweza kumaliza mche kwa usiku mmoja, na watoto wakawawinda kwa tochi.

Mtu aweza kuuliza kama haingekuwa afadhali kushika tarehe moja na kupanda siku hiyo kila mwaka. Lakini nchi ile haikubali. Mei ya mwaka 2020 ilikuwa kavu kuliko Mei zote zilizowahi kupimwa katika Uingereza, na hata hivyo katikati yake sakitu ilianguka. Mwaka mmoja tu baadaye, Mei 2021, sehemu ya Wales iliyo jirani ilipata mvua nyingi kuliko Mei yoyote iliyoandikwa kabla yake. Mkulima aliyeweka daftari alijua walau cha kuangalia. Aliyetegemea tarehe pekee hakuwa na kitu mkononi.

Katika Kenya pia jambo hili si geni. Mara nyingi mvua ya kwanza ya Machi hunyesha siku mbili, wakulima wakatia mbegu zote, kisha jua likawaka majuma matatu, na mbegu zikafa zikiwa zimeota nusu. Afanyaye vema ni yule achimbuaye kwanza aone unyevu umeshuka kiasi gani, na awekaye akiba ya mbegu ya kupanda mara ya pili. Huyo hangoji kwa uvivu wala kwa hofu. Anapima.

Mwezi wa Septemba mama yule alivuna mahindi 31, maharagwe ya kujaza bakuli mbili, na majani ya maboga yasiyohesabika. Mahindi ya huko ni matamu kuliko ya Taita na hayashibishi vile, nao watoto walisema hivyo bila kuulizwa. Hata hivyo sufuria ilikwisha. Katika daftari lake, chini ya hesabu za mwaka ule, aliandika mambo mawili ya kukumbuka: kitambaa kiongezwe mita kumi, na maharagwe yapandwe mengi zaidi ya haja, kwa ajili ya jirani.