Magotini kwa Mama

Siku ya kusukwa nywele mama alitandika mkeka barazani, kwenye mojawapo ya zile barabara za Ngamiani, Tanga, ambazo hazina majina ila namba, akakaa kwenye kigoda, akanibana kichwa katikati ya magoti kama mtu anayetaka kukuna nazi, na ubavuni pake akaweka chanuo la mti, uzi mweusi na kopo la mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, yale yenye harufu ya moshi kwa mbali. Dirishani ilikaa redio ambayo betri zake zilianikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu. Kusukwa kukiangukia saa ya kipindi cha Mama na Mwana, Redio Tanzania Dar es Salaam, na Deborah Mwenda akaanza kusimulia, vidole vya mama vilipunguza mwendo. Sisi wawili hatukuzungumza. Yeye alisema inama, geuka, tulia. Mimi niliitika abee. Lakini hadithi ikifika penye kuchekesha nilijua kwamba mama anacheka, kwa sababu magoti yake yalitikisika.

Binti yangu ana miaka saba. Namsuka mwenyewe, sebuleni, Kimara, Dar es Salaam. Haishi kusema tangu fundo la kwanza hadi la mwisho: nani kagombana na nani, kwa nini mwezi unatufuata tukiwa garini, kama na mimi naogopa kufa. "Mama, unanivuta." Mimi sikuwahi kumwambia mama kwamba ananivuta.

Nisieleweke vibaya. Mama alinipenda, na nilijua. Mapenzi yake yalikuwa kwenye uji wa mtama uliotiwa ndimu, kwenye sare iliyopigwa pasi ya mkaa usiku wa Jumapili, kwenye kiganja kilichokaa shingoni mwangu usiku kucha nilipougua malaria. Ila urafiki haukuwa kazi yake. Urafiki ulikuwa na mwenyewe, naye ni bibi. Bibi mzaa mama aliishi chumba cha uani, akilala kwenye kile kitanda cha kamba tulichokiita teremka tukaze, nami nikilala ubavuni pake ndani ya harufu ya ugoro na khanga iliyofukizwa udi. Aliniita mke mwenzake. Alinituhumu kwamba namwibia mume, mume mwenyewe ni babu, ambaye alikuwa keshazikwa kabla sijazaliwa. Kwake nilisema lolote. Mambo ya mwili, kila msichana alijua kwamba siku ikifika atapewa somo wa kumfunda, na siyo mama wa kumzaa atakayemkalisha chini. Ukigombana na mama, shangazi yuko. Yaani mtoto alikuwa na milango minne mitano ya kubisha hodi, na wa mama ulibaki kuwa wa heshima: shikamoo asubuhi, chakula, amri, dua.

Mwaka 1990, nikiwa na miaka minane, nilitumwa dukani kununua mafuta ya taa na unga, nikapoteza noti ya shilingi mia. Mpaka leo naona chupa ile tupu mkononi, na utambi wake wa karatasi uliosokotwa kuwa kizibo. Nilizunguka mtaa mzima nikiangalia mchangani mpaka mwadhini akaadhini magharibi. Sikwenda kwa mama. Nilipita uani, nikamwambia bibi, nikilia bila sauti. Bibi hakusema neno. Alifungua fundo la pindo la khanga, akatoa noti iliyokunjwa ikawa ndogo kama punje ya hindi, akanitia mkononi, akaniambia niwahi kabla duka halijafungwa. Nilirudi na unga na mafuta, mama akaniuliza nimekawia wapi, nikasema kulikuwa na watu wengi. Usiku ule nililala kama mtu aliyeokolewa majini.

Nilikuwa mtu mzima, bibi keshatangulia mbele ya haki, mama aliponiambia huku akichambua mchele kwamba alijua. Bibi alimwambia usiku uleule. Akarudishiwa shilingi mia yake, na wote wawili wakakaa kimya zaidi ya miaka ishirini. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa inatoka mtungini kwangu na kumimina kwa mama, miaka yote ile, nami sijui. Kumbe mama alikuwa akinisikia. Alinisikia kwa sikio la bibi, akanilea kwa habari hizo, na hakunivua nguo hata siku moja.

Mimi mtungi wangu hauna kata. Sheria inatupa siku 84 za likizo ya uzazi. Mama alikuja Dar es Salaam, akanikanda, akamwogesha mtoto arobaini nzima, akaongeza wiki kadhaa, akarudi Tanga kwenye nyumba yake na mnazi wake. Hakuna chumba cha uani kwenye nyumba ya kupanga. Basi la shule linampitia binti yangu saa kumi na moja na nusu alfajiri, mimi narudi na basi la mwendokasi giza limeshaingia, na kati yetu yuko dada wa kazi, msichana mwema ambaye kila mwaka au miaka miwili huwa ni mwingine. Kwa hiyo ninachokiita urafiki na wanangu, ukikitazama vizuri, ni kazi ya bibi, ya somo na ya shangazi, zote zimeniangukia mimi saa mbili usiku, miguu imevimba.

Na nilianza vibaya. Alipokuwa na miaka mitano aliniambia, gizani, kwamba shuleni anajizuia haja kutwa kwa sababu anaogopa shimo la choo, na kwamba mara moja alichelewa. Kesho yake nilimpigia dada yangu simu, nikamhadithia, tukacheka vile dada wanavyocheka. Mtoto alikuwa nyuma ya pazia la jikoni. Niliona vidole vyake vya miguu tu, vinne, vimetokeza chini ya kitambaa, vimejikunja. Bibi yangu naye alitoa siri yangu, lakini aliitoa huku ameifunika. Mimi ya mwanangu niliianika kama dagaa.

Kwa siku nyingi hakunisimulia kitu. Shikamoo mama, asante mama, basi. Heshima niliyolelewa nayo mimi, yote kamili, ilikuwa imekaa mezani mbele yangu, na sikuweza kuivumilia. Mwishowe nilikaa chini kwenye zulia nikamwomba radhi. Neno hilo lilikuwa zito mdomoni. Kwetu radhi mtoto huiomba kwa mzazi, sijawahi kuona ikiteremka kutoka juu. Alinitazama muda mrefu. Akauliza, "Shangazi wa Moshi naye umemwambia?" Nikasema hapana. Akasema, "Usimwambie." Tangu siku ile, akiniambia jambo, namuuliza kwanza ni letu sisi au ni la kila mtu, na jibu lake nalishika.

Mwaka jana, katikati ya kusukwa, akaniambia: basi likijaa, mwanamume anayewashusha watoto humpakata, naye hataki. Alisema kwa sauti ileile anayotumia kuniambia kwamba penseli imeisha. Mikono yangu ilisimama. Nilimuuliza taratibu, akanijibu, nikamalizia fundo nililokuwa nalo, nikamwambia amefanya vyema kusema. Asubuhi sikwenda kazini. Nilikwenda shuleni, na wiki hiyohiyo mtu yule aliondolewa na watoto wakawekewa mama wa kuwasindikiza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ana haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Mwaka 1990 sisi hatukuwa na sheria hiyo, na najiuliza, tena kwa hofu, kama jambo la namna ile ningelipeleka hata kwa bibi. Nadhani ningenyamaza. Najua wenzangu walionyamaza.

Kwamba mwanangu alisema ni pato, na sitalibadilisha kwa mkeka wala redio wala udi. Lakini nikiwa mkweli, kuna usiku ambapo namwona binti yangu ana kitu moyoni, na kitu chenyewe kinanihusu mimi, na hana mwingine wa kumpelekea. Mimi nilimshtaki mama kwa bibi mara ngapi? Yeye atanishtaki kwa nani? Mdogo wake ana miaka minne, hawezi kuwa hakimu. Rafiki anayekupa chakula, anayekunyima simu na anayesaini ripoti ya shule ni rafiki wa nusu, hata akijitahidi vipi.

Desemba iliyopita tulikwenda Tanga. Mama sasa anatembelea fimbo, lakini usiku wa kwanza tu alimdai binti yangu fidia ya kumnyang'anya mume, na mtoto, ambaye hajawahi kuitwa mke mwenza maishani, alicheka mpaka akakaa sakafuni. Wakalala kitanda kimoja siku kumi na mbili. Nilizisikia sauti zao ukutani, moja nyembamba, moja ya kukwaruza, hadi usiku wa manane. Asubuhi ya kuondoka mama aliniita pembeni, akanishika kiwiko. "Mwanao anasema unapenda kumkatiza. Ila mimi sikukuambia."

Sijamwambia binti yangu kwamba najua. Namwacha amalize maneno yake.

Wewe unayesoma, kama mama yako yu hai na wanao hawajapata kulala naye kitanda kimoja, wapeleke likizo hii.