Diski Mgonjwa na Sauti za Wazee



Kila siku kiwanjani na mezani watu wanatuuliza: "Ile kompyuta ya komite, habari yake nini? Vitu vyote vilipotea?" Tumeona ni vema kujibu mara moja katika gazeti letu. Tena tunaandika kwa faida ya wale watakaobaki hapa, wakati sisi wa mwaka wa mwisho tutakapokuwa tumemaliza Egzameni ya Serikali na kwenda zetu.

Munaijua ile mashini. Ni kompyuta ya kubeba, ya zamani, iliyotumiwa na wengine mbele ya kufika kwetu. Ndani yake kulikuwa vitu vya namna mbili. Namna ya kwanza ni vile vinavyoweza kuandikwa upya: liste za wanafunzi, hesabu ya michango, maneno ya nyimbo za kwaya. Karatasi zake ziko katika kabati ya sekretari. Namna ya pili ni sauti 23 za wazee. Wakubwa wetu wa komite walizunguka vijiji wakiwauliza walimu wa zamani, wapishi na waashi: shule ilianza namna gani? Nani alichoma matofali? Watoto walitembea saa ngapi kwa miguu? Tangu siku ile wazee wawili wamekwisha kutuaga. Na simu iliyokamata zile sauti iliibiwa sokoni. Basi zilibaki ndani ya ile diski tu.

Kisha diski ikaanza ugonjwa. Kwanza kompyuta ilikawia sana kufunguka. Halafu tukasikia sauti ndani yake, tek, tek, kama mtu anayegonga mlango kwa kidole. Siku moja ikakataa kabisa.

Mbele ya kusema tulivyofanya, tueleze diski ni kitu gani. Diski ngumu ya kwanza ilitoka Marekani katika kompyuta ya IBM mwaka 1956, miaka 4 mbele ya uhuru wa inchi yetu. Ilikuwa na sahani 50, kila moja sentimita 61 kwa upana, uzito wake karibu tani moja, na ilishika herufi milioni 5 tu. Picha moja ao mbili za simu ya leo zingeijaza. Ile ya kompyuta ya kubeba inaenea katika kiganja, lakini kazi ni ileile. Sahani ya kioo ao ya aluminiamu inazunguka, mara nyingi mizunguko 5400 kwa dakika, na kichwa kidogo kinasoma juu yake. Kile kichwa hakigusi sahani. Kinaelea juu ya hewa nyembamba sana, hata unywele wa mtu ni mnene kupita ile nafasi mara elfu na elfu. Sasa munaweza kufahamu vumbi kidogo inaweza kufanya nini pale ndani.

Mashauri yalikuwa mengi. Mmoja alisema tuipige kidogo kwa mkono, itaamka. Mwingine akasema tuifunge katika mfuko na kuiweka ndani ya frigo usiku kucha. Mwalimu wetu wa infomatiki alikataa yote mawili: kupiga kunaweza kuangusha kichwa juu ya sahani, na kitu kilichotoka kwa baridi kinashika maji ndani. Tuliibeba kwa piki mpaka mjini, kwa fundi mmoja. Yeye akashika tournevis palepale barabarani, kati ya vumbi ya magari, akataka kuifungua. Tukamwambia, "Hapana, baba, tunakushukuru," tukarudi nayo. Diski inafunguliwa tu katika chumba kisichokuwa na vumbi hata kidogo, na kazi ile inalipwa feza nyingi.

Jaribu kubwa lilikuja baadaye. Tulipoiunga kwa kompyuta nyingine, Windows iliuliza kama tunataka kuifanyia formati ili itumike. Wengine walipiga kelele, "Bonyeza ndiyo!" Lakini formati ni kutayarisha diski kwa kuandika mapya, haiponyeshi ya zamani. Tulijibu hapana, tukaizima. Ndugu, shikeni neno hili kuliko mengine yote: diski ikigonjwa, iache kwanza. Kila mara unapoiwasha unatumia nguvu yake ya mwisho. Na kila kitu kipya unachoandika kinaweza kukaa juu ya kile unachokitafuta.

Mwalimu alitueleza ya kwamba kuna diski inayogonga bila kuacha na kompyuta haiitambui tena. Ile programu haiwezi kuisaidia. Yetu ilikuwa ingali ikitambuliwa, kwa hiyo kulikuwa tumaini. Tulichanga feza, tukanunua diski ya nje iliyo kubwa kuipita. Yeye akawasha kompyuta kwa Linux toka ndani ya fleshi, akatumia programu inayoitwa ddrescue. Hii inanakili kwanza sehemu nzuri, inaruka zile mbaya, mwishoni inarudi kuzijaribu. Tena inaandika katika daftari yake pale ilipofika. Hiyo ilikuwa baraka, maana gurupu yetu inazimika saa nne ya usiku, na kazi iliendelea usiku wa tatu bila kuanza upya.

Kisha diski mgonjwa ikapumzishwa, tukatafuta ndani ya nakala tu. Sehemu iliyoshika majina ya vitu ilikuwa imeharibika. Hapo mwalimu alitumia PhotoRec, programu ya Mfaransa Christophe Grenier. Yenyewe haitafuti majina. Inatambua kila kitu kwa alama za mwanzo wake. Programu zote mbili ni za bure.

Sauti zikarudi, lakini bila jina hata moja, namba tu. Ikatubidi tuketi kuzisikiliza zote, moja moja, ili kujua nani ni nani. Tuliita wazee wa kanisa watusaidie. Wakisikia kikohozi tu, wanacheka: "Huyu ni fundi wa matofali!" Kwa jioni sita tulijifunza habari ya shule yetu kupita ile tuliyoijua kwa miaka yote.

Hesabu ni hii: sauti 19 ziko nzima, 2 zimekatikakatika, 2 hazikuonekana. Katika zile 2, moja ni ya mzee aliye hai, tutarudi kwake. Nyingine ni ya mama aliyepika hapa miaka mingi, naye ni mmoja wa wale wawili waliotuaga. Mjukuu wake anasoma kati yetu, na kila jioni alikuja kukaa mlangoni akingoja sauti ya nyanya yake. Tulimwambia kweli. Alinyamaza, kisha akauliza kama anaweza kuandika yeye mwenyewe yale anayoyakumbuka. Daftari yake iko sasa pamoja na zingine.

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, alieneza kanuni ya 3-2-1: nakala 3, juu ya vyombo vya namna 2, na 1 ikae mahali pengine. Komite imeifuata. Moja iko katika ile diski mpya, moja ndani ya fleshi kwa sekretari, moja nyumbani kwa mwalimu, mbali na shule. Musidanganyike na diski za kisasa zisizokuwa na sahani. Hazigongi, lakini nazo zinakufa, mara nyingine bila kutoa sauti yoyote ya kuonya.

Na ya nne itakuwa ya karatasi. Magazeti yetu ya zamani, yaliyopigwa kwa stensili, yangali yanasomwa bila umeme. Kwa hiyo tutaandika maneno ya wazee wote 21 kwa mkono, kisha yatapigwa hapa kidogo kidogo. Tunaanza Jumatano saa nane, katika darasa la mwaka wa mwisho. Kila mtu alete kalamu, na wenye simu zenye sauti nzuri wazilete pia.

Mkubwa wa wanafunzi, kwa jina la komite