Laptopu ya 2012 na harusi ya Jumamosi

Jamani, tangu niweke zile picha za harusi humu, swali ni lile lile: "Hiyo laptopu yako kuukuu inabebaje programu ya DJ ya sasa, na yangu ni mpya kuliko hiyo lakini inakwamakwama?" Nimejibu mmoja mmoja hadi vidole vimechoka. Leo naandika yote mara moja. Na nyie wafanyakazi wa mashirika mnaosoma humu, kuna sehemu yenu huko chini, msikimbie.

Kwa walio mbali: mi niko Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, makazi ya wakimbizi yaliyoanza 1958. Nilipo mimi Wakongo ni wengi, lakini harusi yoyote utakuta na Warundi, Wanyarwanda, wakati mwingine na majirani Wasomali. Ukipiga rumba saa nzima bila kumkumbuka shangazi Mrundi aliyekaa mstari wa mbele, umejitafutia maneno. Na muziki ukikatika wakati bibi harusi anaingia, hayo maneno yatakaa mwaka mzima. Nimeshuhudia kijana mwenzetu akilipwa nusu mbele ya watu kwa sababu mashine yake ilijizima ikaanza kujisasisha katikati ya sherehe. Tangu mgao wa chakula upunguzwe, hiyo nusu iliyobaki si pesa ya soda. Kwangu ndiyo daftari na sare za wadogo zangu wawili.

Mashine yangu ni HP EliteBook 8470p, prosesa ya Core i5 ya kizazi cha tatu. Niliinunua Mbarara kwa muuza kompyuta za mtumba, ikiwa na memori ya GB 4 na diski ya zamani, ile inayozunguka ndani. Kuwaka tu ilikuwa dakika nne, unaweza kwenda kuchota maji ukarudi.

Sasa, muziki unakatika kwa nini? Watu wanadhani laptopu "haina nguvu". Mara nyingi nguvu inayo, ila inaitwa sehemu nyingi kwa wakati mmoja. Kompyuta haipigi wimbo kama redio. Inaukata vipande vidogo sana, inavipanga kwenye akiba inayoitwa bafa, halafu kadi ya sauti inavichota humo. Wimbo wa kawaida una sampuli 44,100 kila sekunde. Ukiweka bafa ya sampuli 256, hiyo ni milisekunde 6 hivi. Maana yake prosesa lazima irudi kujaza kila baada ya milisekunde 6, bila kukosa hata mara moja, usiku kucha. Ikichelewa kidogo kwa sababu kuna kitu kingine kimeiita, unasikia "tak!", au kimya kabisa. Ukiweka 2048, inapata milisekunde 46. Ni kama maji ya bombani: mwenye kikombe anarudi foleni kila dakika, mwenye dumu la lita 20 anaweza hata kusimama kumsalimia mtu njiani. Anayechana sahani kwa mkono atasikia ule uchelewaji wa bafa kubwa. Sisi wa harusi hatuusikii. Kwa hiyo ongeza bafa kwanza, kabla hujalaumu mashine.

Halafu ondoa wanaoiita prosesa. Intaneti zima. Sasisho zima. Antivirusi isianze kupekua nyimbo elfu sita saa mbili usiku. Kivinjari funga, hata kama kuna mechi. Siku ya kazi hiyo laptopu ni ya muziki tu, na ukiombwa "nichajie simu hapo kwenye USB", kataa kwa upole.

Vitu vilivyobadilisha kabisa yangu ni viwili, na vyote vinaingia mfukoni: diski ya SSD ya GB 240, na kipande cha memori cha GB 4, zikawa 8. Ile EliteBook kifuniko chake cha chini kinafunguka bila bisibisi, ndiyo sababu nazipenda hizi za zamani. Nyingi za leo memori imegandishwa kwenye ubao, ukinunua ndogo utakufa na ndogo. Baada ya SSD, zile dakika nne zikawa chini ya moja. Na ukiwa umefungua, toa vumbi kwenye feni na umwambie fundi abadilishe ile dawa ya kupoza juu ya prosesa. Vumbi jekundu la huku mnalijua. Prosesa ikipata joto inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue, na wewe unafikiri programu ndiyo mbaya.

Programu nayo. Nyingi zenye majina makubwa sasa hulipiwa kwa mwezi kwa kadi ya benki, na zinataka akaunti na intaneti. Kadi ya benki mkimbizi anaitoa wapi? Ndiyo maana zile zilizovunjwa kufuli zinazunguka humu kwa flashi, pamoja na virusi vyake. Mi natumia Mixxx. Ni ya bure kihalali, haina akaunti, ukishaiweka haiulizi intaneti, na si kitu cha zamani: toleo la 2.5 limetoka mwishoni mwa 2024. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025, na Windows 11 prosesa ya kizazi cha tatu haimo kwenye orodha yake, basi nikaweka Linux Mint, ile ya Xfce ambayo ni nyepesi. Wiki ya kwanza nilinung'unika. Ya pili nikasahau.

Ndani ya Mixxx kuna mambo machache ya kupunguza mzigo. Nyimbo zote zichambuliwe mapema, nyumbani, umeme wa sola ukiwepo, si ukumbini, maana kuchambua wimbo mpya huku mwingine unapigwa ndiko kunakochosha mashine kuu kuu. Ile sehemu inayozuia sauti ya mwimbaji isibadilike ukiongeza kasi, chagua SoundTouch badala ya Rubberband. Rubberband inasikika vizuri zaidi, nakubali, lakini inakula prosesa. Picha ya mawimbi ya wimbo ipunguze mwendo wake. Wageni hawaitazami.

Kuna kitu kimoja nakitamani na sina: zile programu mpya zinazotenganisha sauti ya mwimbaji na ngoma papo hapo. Laptopu yangu haiwezi, nisiwadanganye. Ningekuwa nayo ningemweka mwimbaji wa Kirundi juu ya amapiano, watu wangechanganyikiwa. Lakini kitufe cha Sync, ambacho wengi ndicho wanachokililia, hicho mi hata sikigusi kwa muziki wetu. Amapiano imetengenezwa kwenye kompyuta, inakaa kwenye mapigo 112 hivi kwa dakika toka mwanzo hadi mwisho, mashine inaikamata. Rumba ya zamani, ya Franco na TPOK Jazz, ilipigwa na watu kwa mikono. Mwendo unapumua, sebene ikiingia unapanda kidogo. Programu inakisia namba moja kwa wimbo mzima, unabonyeza Sync, ngoma zinagongana kama ndoo zinaporomoka. Hapo ni sikio tu, na sikio halina kizazi cha tatu wala cha kumi na tatu.

Kusikiliza wimbo unaofuata kabla ya kuutoa, nunua kadi ndogo ya sauti ya USB. Hedifoni zichomeke kwenye laptopu, spika kwenye ile ya USB. Na ukiwa kwenye jenereta ukasikia mngurumo ule wa "mmmm" kwenye spika, chomoa chaja. Ukipotea, tatizo lilikuwa njia ya umeme, si spika za watu. Ndiyo maana betri nzima ni lazima, hata ya dakika arobaini.

Sasa nyie wa mashirika. Mradi mmoja, sitautaja, ulituletea mafunzo ya muziki ya wiki mbili. Mwalimu alikuwa mzuri, laptopu mpya, programu ya kulipia yenye leseni ya miezi mitatu. Miezi ikaisha, programu ikafunga, na laptopu zikabaki kabatini kwenye ofisi ambayo hufungwa saa kumi na moja jioni, wakati ambao DJ ndiyo anaamka. Tulikuwa kumi na wanne. Wanaopiga hadi leo ni watatu, na wote watatu wanatumia mashine zao za mtumba. Kama mna bajeti safari hii, kabla ya kununua laptopu mpya tano tuulizeni ni nani ana ya zamani. Bei ya moja mpya inafufua kadhaa: SSD, memori, betri. Na mtuachie chumba chenye umeme hadi saa tatu usiku, hata siku mbili kwa wiki. Vyeti tunavyo vya kutosha.

Jumapili hii baada ya ibada nitakuwa nyumbani na bisibisi na ile flashi ya Linux Mint. Mwenye laptopu ya kufufua aje, lakini nyimbo zake azihifadhi pengine kwanza, maana diski tutaifuta yote. Na njoo na chaja yako, sola yangu haitoshi watu wote.