Mali bila Daftari

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutajwa zaidi na wafanyabiashara, lakini mimi niliiona ikithibitika mahali nisipopatarajia: katika besiboli ya Marekani. Tangu utotoni mimi ni mtu wa kandanda. Besiboli niliijua ukubwani, kwa kusoma tu. Kilichonivuta ni hesabu zake. Kila mpira unaorushwa huandikwa, kila pigo, kila kosa.

Ubora wa mpigaji hupimwa kwa wastani. Ukisikia fulani ana 0.300, maana yake katika kila zamu 1,000 zinazohesabiwa, mara 300 aliupiga mpira akafika salama kituoni. Zile 700 alishindwa, na bado huyo huitwa hodari. Ty Cobb, aliyestaafu mwaka 1928, aliacha wastani wa 0.367, na kwa miongo mingi vitabu vilisema hakuna aliyewahi kumzidi.

Wadakaji nao wana daftari lao. Humo, kosa hutegemea uamuzi wa karani aketiye jukwaani. Mchezaji mzito asiyeufikia mpira kwa kawaida haandikiwi kosa. Mwepesi aliyeukimbilia ukamponyoka mkononi huenda akaandikiwa. Hapo ndipo nilipoanza kutambua kwamba nyuma ya kila tarakimu yupo mtu aliyeshika kalamu.

Sasa, ndugu msomaji, mtazame Josh Gibson. Alikuwa mtu mweusi, na katika siku zake ligi kuu ziliwafungia watu weusi mlango. Wakaanzisha ligi zao wenyewe, na humo Gibson akazipigia timu za Homestead Grays na Pittsburgh Crawfords. Alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35. Miezi mitatu tu baadaye, tarehe 15 Aprili, Jackie Robinson aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers, na mlango ukafunguka.

Mapigo ya Gibson yalikuwa wapi miaka yote hiyo? Yalikuwa katika kurasa za magazeti ya zamani. Mwaka 1969 kamati maalumu ilikaa kuamua ni ligi zipi za kale zihesabiwe kuwa kuu; ligi za weusi hazikuwekwa katika orodha. Watafiti hawakukata tamaa. Walipekua magazeti, mchezo baada ya mchezo, hata Mei 2024 hesabu za ligi hizo, za miaka 1920 hadi 1948, zikaingizwa katika kumbukumbu rasmi. Gibson akapanda juu ya Cobb kwa wastani wa 0.372. Wastani wake wa mwaka 1943, yaani 0.466, ukawa mkubwa kuliko wote wa msimu mmoja.

Wapo waliolalamika. Walisema Cobb alipata zamu zaidi ya 11,000, na Gibson zilizopatikana ni zaidi ya 2,000 tu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini nauliza: ni nani aliyemnyima zamu nyingine?

Jambo hili linanigusa kwa sababu ya marehemu baba yangu. Alikuwa kibarua kwa mwajiri mmoja kwa zaidi ya miaka 20, akilipwa kwa siku. Alipochoka akaenda kuulizia haki yake, aliambiwa jina lake halimo katika kitabu. Mgongo wake ulikuwa umepinda kwa kazi ambayo, kwa mujibu wa karatasi, haikufanyika.

Kwa hiyo siwezi kusema kwamba hesabu za 2024 zimemlipa Gibson. Maiti hapokei mshahara. Lakini aliye hai anaweza kulifungua daftari upya na kuandika kilichorukwa, na kazi hiyo si ndogo. Huko Marekani wameianza. Sisi wengine tuna vitabu vyetu vya kufungua, na wazee wanaokumbuka wanazidi kupungua.