Sherehe Isiyo na Pilau: Barua Kutoka Mudzipela

Ndugu yangu,

Nimefika Bunia, Kongo, salama, na vumbi la barabara ya Mahagi bado limo masikioni. Nimefikia Mudzipela kwa mzee mmoja mstaafu ambaye kartie nzima, yaani mtaa mzima, humwita Papa Mwalimu. Mkewe alinipokea kwa fufu na sombe, akataka kujua kama na sisi Mombasa tunakula hivyo. Nikamwambia sombe yao ndiyo kisamvu chetu. Papa akainuka palepale kwenda kuleta daftari.

Daftari hilo ndilo lililonitoa usingizini hata nikakuandikia. Kushoto kapanga maneno ya Bunia, kulia ya vitabuni, pembezoni Kifaransa. Masomo, huku, ni shule: mtoto "anaenda ku masomo". Makuta ni pesa. Feti ni sherehe. Alipofika hapo akanitolea kitabu cha mashairi alicholetewa na mwanawe. Ukurasa wa mwisho umeandikwa SHEREHE, lakini hamna ngoma wala bia, ni orodha ya maneno magumu tu. "Juu ya nini?" akauliza, yaani kwa nini.

Ah, hapo kidogo nikavimba kichwa. Mzizi wa neno sherehe ni wa Kiarabu, sh-r-h, kufungua. Kukunjua kifua cha mtu ni kumfurahisha, na sura ya 94 ya Kurani, Ash-Sharh, inaanza na maneno hayo. Kufungua maneno nako ni kuyaeleza, ndiyo maana wanazuoni waliandika sharh juu ya vitabu vya wenzao. Hata elimu ya kupasua mwili kwa Kiarabu ni tashrih. Hiyo ya kupasua Papa aliipenda kuliko zote, akainakili. Nikamwongezea glosari, iliyotokana na ulimi wa Wagiriki, glossa. Na kamusi, iliyoanzia kwa al-Firuzabadi, aliyefariki mwaka 1415. Kitabu chake cha maneno alikiita Al-Qamus al-Muhit, bahari izungukayo, na watu wakazoea kuita kila kitabu cha namna hiyo kwa jina hilo la bahari.

"Sisi tuna Ziwa Albert tu," akasema Papa.

Nilicheka, lakini swali lililofuata halikuwa la kuchekea: nani aliamua neno lipi liingie katika bahari hiyo? Kamati ya Lugha ya kusanifisha Kiswahili, iliyoanza mwaka 1930, ilikuwa ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo ya Wabelgiji haikuwa na kiti. Kamusi ya Johnson ya 1939 ikatoka humo, na ile ya TUKI, taasisi ya Kiswahili, ya 1981 ikatungwa Dar es Salaam. Kumbe Kiswahili kilishaingia huku zamani na misafara ya waungwana, hata kikaitwa Kingwana. Leo katiba ya 2006 inakihesabu katika lugha 4 za kitaifa, na tangu 2022 nchi yenyewe imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bado Mkongo akisema "masomo" mbele yetu sisi wa pwani, tunamsahihisha kama mtoto.

Mimi nasema tunamwonea. Padri Sacleux, katika kamusi yake iliyotoka mwaka huohuo wa 1939, aliandika kando ya neno lahaja linakotoka, na mambo yakawa sawa. Sisi tunashindwa nini kuandika "Kongo" kando ya makuta?

Sasa kazi yako. Tafuta Kamusi Kuu ya BAKITA, baraza la Kiswahili la Tanzania, umpe yeyote anayekuja Kampala. Kutoka huko itafika mkono kwa mkono. Na hao wahariri unaokunywa nao kahawa, waambie daftari lipo Mudzipela, limejaa, na mwenyewe haombi malipo. Anachotaka ni Bunia itajwe.