Begi Lililokaa Juu ya Kabati

Tunaandika haya tukiwa wawili, mume na mke, kwa sababu jambo lenyewe lilitupata tukiwa wawili. Wengi huona kwamba kufunga begi la kwenda kujifungua ni kazi ndogo ya jioni moja. Nasi tuliona hivyo. Leo tunajua kwamba ukilifungua begi hilo utaona kama mume na mke walikaa chini wakashauriana, au kila mmoja alimngoja mwenzake aanze kusema.

Tunaishi kijijini katika mkoa wa Njombe, ambako mwezi wa Juni na Julai baridi huingia mpaka ndani ya blanketi. Mimba yetu ya kwanza ilikuwa mwaka 2015. Tulikuwa na furaha ya watu wasiojua kitu. Kila tulipouza viazi tulinunua kitu cha mtoto: fulana ndogo, viatu vyeupe vya kufumwa, poda, mafuta yenye harufu nzuri, na shali moja ya manjano iliyokula bei ya nusu gunia. Kufika mwezi wa nane begi lilikuwa limejaa, na kila mgeni aliyekuja tulimfungulia aone.

Uchungu ulikuja kabla ya wakati, usiku wa manane. Haukuwa uchungu wa kuja na kuondoka. Tumbo lilikaza kama jiwe, na damu ikaanza kutoka. Tulifika kituo cha afya kwa pikipiki ya jirani, mmoja wetu amejikunja kwa maumivu, mwingine amelikumbatia begi. Muuguzi akauliza, "Kadi ya kliniki iko wapi?" Ilikuwa nyumbani, ndani ya droo. "Mpira wa kulalia? Glavu? Kanga?" Tukafungua begi. Vikatoka viatu, poda na shali ya manjano. Muuguzi yule hakutusema vibaya. Alitazama tu, kisha akaenda kututafutia.

Alipompima mama alisema twende hospitali mara moja, safari ya kilomita 40. Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mgonjwa mwingine. Gari la kukodi lilikuwepo, lakini pesa hazikuwepo. Zilikuwa zimeishia dukani. Karibu saa nzima ilipita tukigonga milango ya watu ili kukopa. Hospitalini walifanya upasuaji. Mama alipona kwa chupa mbili za damu, moja ya akiba na nyingine aliyotoa ndugu yetu aliyeamshwa usingizini. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia.

Daktari alitueleza kwamba kondo la nyuma liliachia kabla ya wakati, na kwamba jambo hilo huweza kumpata hata mama aliyejiandaa vizuri. Hakusema kwamba ile saa moja ingemwokoa mtoto. Wala hakusema kwamba isingemwokoa. Tumeishi na hilo mpaka leo.

Begi lilirudi nyumbani, likawekwa juu ya kabati. Majirani walikuja kutupa pole, na baadhi yao wakaongeza neno: "Mlinunua nguo mapema mno. Mtoto hanunuliwi nguo kabla hajazaliwa." Tulinyamaza. Watu hawakujua hata watuiteje, maana tulikuwa si baba fulani wala mama fulani.

Mwishoni mwa mwaka 2017 tulipata mimba ya pili, na hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Mama yetu, ambaye kwa mmoja wetu ni mama mzazi na kwa mwingine ni mama mkwe, alikataza kabisa: hata uzi usinunuliwe. Mmoja wetu alikubaliana naye, si kwa kuamini sana bali kwa hofu. Mwingine alitaka kila kitu kinunuliwe upesi, na begi likae karibu na mlango. Tulifika mahali pa kula chakula bila kuzungumza. Mwezi wa saba ulitukuta hatujanunua hata pamba.

Aliyetusaidia ni mkunga wa kliniki, mama mtu mzima mwenye maneno machache. Siku hiyo tulikwenda wote wawili. Alisoma kadi, akavua miwani, akasema, "Wanangu, hapa pana kovu la upasuaji, na kondo liliwahi kuachia. Kujifungua ni hospitali, hilo halina mjadala. Sasa niambieni: gari la nani, pesa kiasi gani, msindikizaji nani, na damu ya nani?" Tukatazamana. Akasema, "Hayo ndiyo ya kufunga kwanza. Nguo za mtoto ni za mwisho."

Jioni ile tulizungumza pia habari za Mariamu, aliyejifungulia ugenini mahali pa mifugo. Nafasi ya kulala haikuwepo, lakini nguo za kumvika mtoto zilikuwepo. Basi kuna mtu aliyezifunga kabla ya safari. Hatujasikia kwamba kujiandaa kwake kulihesabiwa kuwa mkosi, au kuwa upungufu wa imani. Tukachukua daftari, tukaandika.

Kwanza tuliandika karatasi, pesa na watu. Kadi ya kliniki ndiyo inayozungumza kwa niaba ya mama usiku, mbele ya mhudumu ambaye hajawahi kumwona. Humo ndimo huandikwa kundi la damu, shinikizo la damu na matatizo ya uzazi uliopita. Tangu siku hiyo kadi ilikaa kwenye mfuko wa nje wa begi. Kama mna kadi ya bima ya afya, ikae papo hapo. Pesa ya gari iliingia ndani ya bahasha, tukakubaliana kwamba haiguswi hata kwa mbolea. Namba za madereva wawili tuliziandika kwenye jalada la daftari, maana simu huisha chaji. Tena tulizungumza na ndugu wawili waliokubali kutoa damu ikihitajika.

Pili, vitu vya chumba cha kujifungulia. Kwa sera ya nchi yetu, huduma za uzazi katika vituo vya serikali hutolewa bila malipo. Lakini akina mama wanajua kwamba siku nyingine vifaa huwa vimekwisha. Usikisie, uliza pale pale utakapojifungulia. Sisi tuliambiwa tuwe na mpira wa kulalia wa mita mbili, jozi kadhaa za glavu, pamba, wembe mpya na kibanio cha kitovu. Glavu, wembe na kibanio vibaki ndani ya karatasi zake mpaka mhudumu mwenyewe avifungue.

Tatu, vitu vya mama. Hapa ndipo tulipokuwa tumekosea zaidi, kwa kuwa begi la kwanza halikuwa na kitu chake hata kimoja. Tuliweka kanga tano zilizofuliwa, zikaanikwa juani na kupigwa pasi, gauni linalofunguka mbele ili kunyonyesha kuwe rahisi, nguo za ndani zisizobana, pedi, kandambili, sweta, sabuni, mswaki, beseni na chupa ya chai. Funga vitu vya kukaa usiku na mchana. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya akina mama. Ndiyo maana hata aliyezaa salama hushauriwa kubaki chini ya uangalizi kwa saa 24, ingawa anajiona ana nguvu. Pedi zikilowa upesi, moja baada ya nyingine, usione haya, mwite muuguzi.

Nne, vitu vya mtoto. Hivi ni vichache kuliko tulivyodhani. Mtoto huzaliwa ameloa, na unyevu humpoza haraka. Kwa hiyo ziwepo kanga mbili laini: ya kumkausha, ambayo huondolewa mara moja, na nyingine kavu ya kumfunika akiwa kifuani kwa mama. Ongeza kofia, soksi, nguo mbili au tatu, nepi za kitambaa na shali. Poda na mafuta ya manukato tuliyaacha. Kitovu hakipakwi majivu wala mafuta, huachwa kikauke. Chupa ya kunyonyeshea haina kazi, kwa sababu maziwa ya kwanza ya mama, yale mazito ya njano, ndiyo chakula anachohitaji tangu saa yake ya kwanza. Na kuoga kunaweza kungoja mpaka saa 24 zipite.

Kwetu kulikuwa na jambo la tano. Ili tusirudie safari ya usiku, mama alitakiwa ahamie nyumba ya wajawazito iliyo karibu na hospitali majuma mawili kabla ya tarehe. Huko kila mtu hujipikia. Basi pembeni ya begi kukawa na sufuria, mwiko, unga, maharage na mkaa.

Orodha ilipokamilika, ilitubidi kushusha begi juu ya kabati. Kwa karibu miaka mitatu hatukuwa tumelifungua. Harufu ya poda ilitoka kama iliyonunuliwa jana, na mmoja wetu akatoka nje kwanza. Viatu vile vyeupe tuliviweka kando, vilikuwa vyake. Lakini shali tulishindwa kuiamulia. Mmoja alisema ni ya marehemu, asivishwe mwingine. Mwenzake alisema ni ya kaka mtu, na kaka humwachia mdogo wake nguo. Mwishowe tukaifua usiku uleule, tukaitundika chumbani, ili mama asiione.

Asubuhi tuliikuta uani, imeanikwa kwenye kamba, juani. Mama alikuwa ameketi kando anamenya viazi. Hakusema neno, nasi hatukuuliza.

Binti yetu alizaliwa kwa upasuaji mwezi wa Julai mwaka 2018, akalia kwa sauti kubwa. Si kila kitu tulichofunga kilitumika. Mpira haukuhitajika, na glavu zilibaki. Tukamwachia mama wa kitanda cha jirani aliyekuja mikono mitupu. Bahasha ya pesa ndiyo iliyofanya kazi kubwa, kwa sababu mama alikaa wodini siku nyingi kuliko tulivyotazamia. Aliyempokea mtoto mlangoni ni mama yetu, maana ndiye aliyekuwa msindikizaji. Baridi ilikuwa kali. Alipekua begi mwenyewe mpaka chini, akatoa shali ya manjano, akamfunga mjukuu wake.

Hatusemi kwamba begi zuri huzuia kila msiba. Tunajua wako wasomaji ambao begi lao pia lilirudi nyumbani bila mtoto, nao walikuwa wamejiandaa kutuzidi sisi. Kwao tunasema, msikubali kuambiwa kwamba nguo mlizonunua kwa upendo ndizo zilizomwondoa mtoto. Hazina uwezo huo.

Lakini wewe uliye na mimba sasa, usingoje mwezi wa tisa. Mwezi wa saba ukiisha, kaa na mumeo jioni moja, mkiwa na daftari. Kama yeye ni mzito wa kusema, mwulize yale manne ya mkunga: gari la nani, pesa kiasi gani, msindikizaji nani, damu ya nani. Begi mlifunge pamoja, ili usiku utakapofika, hata yeye ajue kadi iko mfuko gani.